Ankara Isione Haya

Chumbageni, Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata pamoja na zile ankara tatu za mfano. Kioo cha simu na macho yangu havipatani siku hizi, kwa hiyo nilimtuma kijana akazichapishe kwenye kibanda cha fotokopi, nikazisoma kwenye karatasi. Mengi nitakayokuambia yametokana na hizo karatasi. Mama yako naye amenipigia. Anataka nikukanye: ankara ni ankara, kizuri chajiuza, na hela ya kumlipa mtu wa kuchora kwenye kompyuta ingenunua mbao za mninga.

Dada yangu namheshimu, lakini katika hili siko upande wake. Kizuri chajiuza ni neno la kiti kikiwa bado dukani kwako Keko, mtu anakipapasa, anakikalia, anauliza bei. Ankara huja baadaye, viti vimeshapakuliwa, wageni wa hoteli wanavikalia, na hamu ya kulipa imepoa. Saa hiyo wewe hupo. Ipo karatasi moja katikati ya lundo kwenye meza ya mhasibu. Na karatasi zenyewe zilivyo! Watu wengi wanaokota kiolezo kwenye kompyuta: vimistari vya bluu hafifu, herufi za kijivu, jina la biashara limejibana kwenye kona, basi. Ukifuta jina la mwenye malori ukaandika la mwenye duka la dawa, hakuna atakayeshtuka. Nimeishi kwa kazi ya uchapaji tangu enzi za herufi za risasi, na naona biashara inayodai fedha zake kwa karatasi isiyo na sura inajidharau yenyewe mbele ya watu.

Kwa hiyo ujasiri nauafiki. Tunachotofautiana ni mahali ulipouweka.

Ifuate ankara yako huko inakokwenda. Unaituma kwa baruapepe ikiwa faili la PDF. Karani wa hoteli anaichapisha kwa printa ya ofisi, nyeusi na nyeupe, na tona yenyewe inadai kubadilishwa tangu juzi. Mapokezi wanaigonga mhuri wa tarehe. Inalinganishwa na LPO, yaani oda ya maandishi waliyokupa, na delivari noti iliyotiwa saini getini. Meneja anaidhinisha kwa saini, mkaguzi wa ndani anatia vema kwenye kila jumla, mwingine anaitoa fotokopi, baadaye inatolewa fotokopi ya ile fotokopi, mwisho inatobolewa matundu mawili na kuzikwa kwenye boksi faili. Kama mteja ni halmashauri, ongeza meza mbili tatu. Kila mkono katika safari hiyo unaongeza kitu juu ya karatasi yako au unafuta kitu. Mtindo wa ankara inafaa utazamwe ukiwa umefika mwisho wa safari. Wewe umeutazama kabla haijaanza, kwenye kioo kinachong'aa, ambako wino ni wa bure.

Sasa ile sampuli nyeusi. Najua ndiyo unayoipenda, na kwenye simu inapendeza kweli: theluthi ya juu ya ukurasa nyeusi tii, jina la karakana kwa herufi nene nyeupe, na jumla ndani ya sanduku jeusi chini. Kwenye karatasi mambo yakawa mengine. Printa za kawaida za ofisi hazichapi hadi ukingoni, huacha milimita kama 4 kila upande, kwa hiyo ule weusi uliotakiwa kumwagika hadi pembeni umetoka na fremu nyeupe ambayo hukuichora. Halafu kuna hesabu ya wino. Watengenezaji wanaposema katriji ya tona inatoa kurasa 1,500, wanahesabu ukurasa ambao wino umefunika takriban asilimia 5 yake. Wewe umefunika asilimia 33 kabla hujataja hata kiti kimoja. Katriji hiyo kwa ankara zako itakwisha kwenye kurasa mia mbili na ushee, na tona ni ya mteja. Anayeichapisha ni yeye.

Hayo yangevumilika. Lisilovumilika ni mhuri. Nilichukua mhuri wangu wa zamani nikaugonga pale juu kulia, mahali ambapo karani yeyote angegonga, na juu ya weusi ule haukuonekana kabisa. Ankara isiyo na tarehe ya kupokelewa inayosomeka ni ankara ambayo mteja anaweza kudai imemfikia jana. Mwenye nia ya kuchelewesha umempa kisingizio, tena umekigharamia. Saini ya meneja nayo itaangukia kwenye lile sanduku jeusi la chini, kwa sababu watu huidhinisha karibu na jumla.

Ile ya njano yenye mshazari mwekundu sitaisemea sana. Kwenye fotokopi njano hugeuka nyeupe, na maneno uliyoyaandika kwa njano yameondoka nayo. Wekundu umetoka kijivu kizito, ukawa utepe unaokatiza namba yako ya akaunti. Sisi zamani udhaifu wa namna hii tuliutumia kwa faida: tulipangia kurasa kwa penseli ya bluu hafifu, kwa kuwa filamu ya kamera ya uchapaji haikuiona rangi ile, na mistari tukaiacha palepale bila kuifuta. Leo naona watu wanaandikia masharti ya malipo kwa bluu ileile, kisha wanashangaa mteja hakuyaona.

Usidhani lakini kwamba karatasi za fedha zenye ukali zimeanza na kizazi chenu. Mwaka 1923, Ujerumani ikiwa imezama katika mfumuko wa bei, benki ya jimbo la Thuringia ilihitaji noti za dharura za mamilioni ya marki. Kazi ya kuzisanifu akapewa Herbert Bayer, aliyekuwa bado mwanafunzi wa Bauhaus pale Weimar. Desturi ya noti ilikuwa nakshi, mashada na sura za watu. Bayer aliyaacha yote hayo, akabakiza namba kubwa, herufi nene zisizo na vikia, mistari mizito na rangi bapa. Mtu anayebeba fedha ambayo thamani yake inaanguka kati ya asubuhi na jioni hana muda wa mashada. Anataka kujua hii ni milioni moja au mbili. Mwaka 1925 Bayer huyohuyo akatengeneza karatasi za barua za Bauhaus bila herufi kubwa hata moja, katika lugha ambayo kila nomino huanza na herufi kubwa, na chini yake akachapa maelezo kwamba kufanya hivyo kunaokoa muda. Miaka mitatu baadaye Jan Tschichold alichapisha Berlin kitabu chake cha uchapaji mpya, na humo alizitengea nafasi barua za biashara, bahasha na kadi, vitu ambavyo mchapaji mwingine angevihesabu kuwa kazi za kumpa mwanafunzi.

Watu hao walikuwa wakali kuliko sampuli zako zote tatu. Hata hivyo zitazame kazi zao uone nafasi tupu ilivyo nyingi. Ukali wameuweka kwenye kile ambacho msomaji anakihitaji kwanza, na kwingine kote wamenyamaza.

Kwetu kiwandani kunyamaza huko kulitulazimu. Herufi kubwa za risasi zilikuwa ghali na nzito, kiwanda kidogo kilikuwa na makasha yake machache, na ukitaka kichwa cha habari chenye A nne ilhali kasha lina A tatu, unabadilisha kichwa cha habari. Mpangaji alijifunza kuzitunza zile nene kwa ajili ya neno moja. Kompyuta yako ina mamia ya fonti na haijawahi kukunyima A, kwa hiyo kazi ya kunyima imebaki kwako.

Sasa nije kwenye ile ya tatu, yenye twiga, ndege na samaki, maana humo kuna kitu. Umetaka watu wajue karakana hii ni ya hapa, na mimi hilo linanigusa kuliko weusi wa ile ya kwanza. Ila mchoraji wako amewaza Tingatinga ya kwenye maduka ya watalii, ambako kila nafasi imejazwa. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na mara nyingi alichora mnyama mmoja mkubwa juu ya mandhari ya rangi moja, basi. Ndiyo maana picha zile zilimsimamisha mpita njia. Wewe una wanyama saba na bado hujaorodhesha viti.

Badala ya wanyama, ningekushauri pindo. Chukua nakshi moja ya pindo la khanga, mchoraji wako aichore upya kwa mistari, asiijaze wino, aisimamishe upande wa kushoto wa karatasi kutoka juu hadi chini kwa upana wa milimita 15. Upande huo nimeuchagua kwa sababu. Mashine ya kutobolea faili hupiga matundu yake milimita 12 kutoka ukingoni, na matundu hayo hula chochote yanachokikuta. Kwa wengine yanakula mwanzo wa maelezo ya bidhaa. Kwako yatakula nakshi, na nakshi haina hasara. Kisha mkaguzi akija baada ya miaka mitatu kufungua boksi faili, ankara zako atazitambua kwa pindo kabla hajasoma jina. Rangi iwe moja, damu ya mzee, inayogeuka kijivu kilichoiva kwenye fotokopi na haipotei. Nembo, mistari ya jedwali na maneno yote viwe vyeusi.

Baada ya pindo, ukali wote uliobaki uupeleke kwenye jumla na tarehe ya mwisho ya kulipa. Tuseme hoteli imechukua viti 40 kwa shilingi 85,000 kila kimoja. Hiyo ni 3,400,000, na VAT ya asilimia 18 ni 612,000. Ile TSh 4,012,000/= iandike kwa tarakimu nene zenye kimo cha sentimita moja, peke yake, pamoja na nafasi tupu ya kutosha kuizunguka ili mhuri na saini vipate pa kukaa. Chini yake kwa herufi za kawaida weka maneno: shilingi milioni nne na elfu kumi na mbili tu. Ile alama ya /= usiione ya kizee. Inafunga mlango wa mtu kuongeza sifuri.

Hapa najua utasita. Jumla iwe kubwa kuliko jina la karakana? Watu watasemaje?

Mpwa wangu, hili ndilo lililonifanya nikuandikie barua badala ya kukupigia. Tumelelewa kwamba anayedai hudai pembeni. Unafika, unakaribishwa, mnaulizana habari za nyumbani na za watoto, chai inaletwa, na deni linatajwa wakati wa kuaga, nusu nusu, ukiwa umeshashika kitasa. Malezi hayo ni mazuri na sitaki uyaache. Ila mhasibu wa hoteli hakujui, habari za nyumbani kwako hazimhusu, na chai hakukupa. Ukimfichia jumla kwenye kona kwa herufi ndogo humheshimu, unamwongezea kazi ya kuitafuta, na atakayemlipa kwanza ni yule asiyemsumbua. Nimewaona mafundi hodari kuliko wewe, unisamehe, wakiandika bei zao kwa mwandiko mdogo mdogo kama watu wanaoungama, na wateja wakajifunza kwamba huyu anaweza kungoja.

Adabu itunze kwenye maneno. Tarakimu kubwa haimtukani mtu, ni hesabu tu aliyokubaliana nayo alipotoa LPO. Kinachotukana ni ule mstari wa kwenye sampuli yako ya njano, LIPA SASA, kwa wekundu, pamoja na alama tatu za mshangao. Huko ni kumkaba mtu koo kabla hajakukosea. Andika: "Tafadhali lipa ifikapo tarehe 30 Juni. Ahsante kwa kutuamini." Na tarehe iwe tarehe kamili. Ukiandika "ndani ya siku 30" mtabishana: tangu siku ya ankara, siku mzigo ulipofika, au siku ya mhuri? Hakuna fonti inayoweza kuamua ugomvi huo.

Tena ankara iwe hiyohiyo kwa kila mtu. Nasikia shangazi yako umempa kabati kwa mdomo, bila karatasi, kwa kuwa ni shangazi. Ukitaka kumpunguzia, andika bei kamili, andika punguzo kwenye mstari wake, aone ulichomfanyia. Msikiti nao ukinunua kwako, uupe ankara ya kawaida yenye pindo lake. Kuna maduka ya ndugu hapa Tanga yaliyofungwa na wenyewe hawajui fedha ilikwenda wapi, kwa sababu nusu ya madeni yalikuwa yameandikwa kwenye kuonana haya.

Nirudi kwenye tarakimu, maana kuna mitego. Gill Sans ni fonti nzuri sana, lakini tarakimu yake ya moja, I kubwa na l ndogo hazitofautiani kwa jicho, na namba yako ya ankara inachanganya herufi na tarakimu. Helvetica ina tatizo hilo kwa I na l. Georgia inapendeza kitabuni, ila tarakimu zake zinapanda na kushuka juu ya mstari, hivyo safu ya fedha inaonekana imelewa. IBM Plex Sans inapatikana bure kwa leseni huria, na humo I ina vikia na l ina mkia. Ningeanza nayo, unene wa aina mbili tu, wa kawaida na mnene. Fedha zipange zikiegemea kulia ili maelfu yakae chini ya maelfu. TIN iandike kwa mafungu ya tatu tatu, na namba ya benki kwa mafungu ya nne nne, kwa kuwa kuna binadamu atakayeinakili kwa mkono saa tisa alasiri akiwa na njaa. Lipa namba nayo iwe na mstari wake.

Ya TRA, watu wa kodi, ni mafupi. TIN na VRN yako, TIN ya mteja, namba za ankara zisizoruka, kodi kwenye mstari wake peke yake. Mteja aliyesajiliwa VAT hudai kodi yake kwa risiti ya mashine ya EFD, kwa hiyo chini kulia acha nafasi tupu ya kutosha kuipigia pini bila kuziba kitu. Mashine zile zilianza kutumika nchini mwaka 2010, karatasi ya risiti zake inafifia, sura yake hakuna aliyewahi kuisifu, na bado ndiyo karatasi inayoaminiwa kuliko zote mezani pale. Ukikasirika kwamba nakupunguzia rangi, itazame hiyo.

Delivari noti usizipambe. Vitabu hivyo huchapwa kwenye karatasi za NCR, zile zinazoshusha mwandiko hadi nakala ya chini bila kaboni, na kinachoushusha ni dawa iliyopakwa juu ya karatasi. Wino mzito ukiifunika, mwandiko haushuki pale. Pindo jembamba linatosha, tena lichapwe kwenye nakala ya juu peke yake. Na usikubali mpigachapa akushawishi uchapishe vitabu vingi kwa mkupuo ili bei ishuke. Namba za simu hubadilika, benki hubadilika, na kitabu chenye namba iliyofutwa kwa kalamu kinaharibu kazi yote tuliyoizungumza.

Mchoraji wako akimaliza sampuli ya nne, ichapishe kwa printa mbovu kuliko zote mtaani, nyeusi na nyeupe. Itoe fotokopi, kisha fotokopi hiyo nayo uitoe fotokopi. Igonge mhuri, itoboe. Mpe mtoto wa shule asiyejua biashara yako, umuulize ni shilingi ngapi na lini. Akijibu bila kuhangaika, ipeleke ikatumike. Akisita, umeshajua pa kurekebisha na hakuna haja ya kunipigia.

Mama yako nitazungumza naye mwenyewe. Mwambie tu kwamba mninga utanunuliwa.

Na vile viti vyangu viwili nilivyokuagiza, ukivipakia kwenye basi weka na ankara yake ndani ya bahasha, bei kamili, tarehe kamili, pindo na kila kitu. Punguzo sitaki.

Wasalaam,

Mjomba wako